Maji ya Macho ya Brígida

Hermosillo, 6 Machi 1978

Wifi Brígida,

"Ni macho yangu yaliyokauka, si moyo wangu." Hilo ndilo jibu ulilowapa wanawake wa San Lázaro walipokuuliza kwa nini hukumlilia mumeo, na nimelikuta likizungushwa mpaka kituo cha basi kana kwamba ni aya ya Injili. Mimi nimeandika gazetini nusu ya maisha yangu. Nimebishana na mapadri, na wabunge, na wenye viwanda vya saruji. Neno lililopikwa tayari nalijua kwa harufu. Mtu mwenye msiba hazungumzi kwa mizani namna hiyo, kipimo huku macho, kipimo huku moyo. Mtu mwenye msiba hupayuka.

Lakini haya, tulichukue neno lako tuligeuze tuone chini yake kuna nini.

Macho yamekauka. Siku zote za sala ulikatia wageni vitunguu, nami nilikuwa nimekaa mbele yako. Wenzako wote walitoka nje wakijifuta kwa aproni. Wewe hukupepesa. Kitunguu hakihitaji mapenzi, wifi, kinahitaji macho tu. Mwanamke anayeweza kuzuia hata chozi la kitunguu ni mwanamke aliyefanya mazoezi.

Kisha koo. Kila fumbo la rozari likiisha, unakunywa maji. Mkate wa matanga ulikukwama, ukauteremsha kwa kahawa kama mtu anayesukuma jiwe. Huko kwetu tunajua ni koo la nani linalokataa mkate wa marehemu. Kisha miwani nyeusi ndani ya nyumba, mishumaa ikiwa ndiyo taa pekee. Kisha ile chupa ya mdomo mpana nje ya dirisha la jikoni, imefunikwa kitambaa, ndani yake maji ya rangi ya mkojo, na wewe ukimkemea kila anayeikaribia.

Na kabla ya hayo yote, Refugio mwenyewe. Ndugu yangu alikuwa akimfokea nyumbu ng'ambo ya mto na nyumbu anasimama. Mwaka wake wa mwisho aliacha karata, aliacha pombe ya bakanora, akawa anaondoka kilabuni jua halijazama, mpole kama kondoo wa Pasaka. Hakuna mtoto wa Sonora asiyejua ni mmea gani humfanya mwanamume hivyo. Toloache, ambayo ikizidi huua, haikosi kwenye makorongo, na hata maua yake meupe yanajua njia ya kwenda kwenye kahawa ya mume.

Nakuuliza mara moja, na kwa karatasi, ili usije ukasema hukusikia: ulimpa nini ndugu yangu? Usiponijibu nitakwenda kwa mwendesha mashtaka nimwombe afukue kaburi.

Eduviges Noriega


San Lázaro, 11 Machi 1978

Wifi Eduviges,

Naandika asubuhi kabla upepo haujaanza. Ukishaanza siwezi. Unisamehe herufi kubwa.

Unauliza nilimpa nini. Nilimpa maharage na tortilla za ngano, nyama iliyokaushwa ilipokuwepo, na kahawa. Hiyo kahawa nilikunywa naye, birika moja.

Maji ya dirishani ni ya maua ya kamomili. Huota kando ya mitaro ya ngano, nawe uliichuma ukiwa msichana, usijifanye mtu wa lami. Inachemshwa, inawekwa nje ilale chini ya umande, asubuhi ndiyo macho yanaoshwa. Mama yako alifanya hivyo. Macho yangu yana mchanga tangu miaka mitatu iliyopita. Nikiamka kope zimegandana, nazifungua kwa kidole. Kulia nilijaribu, wifi. Kunachoma, halafu hakuna kinachokuja.

Kuna jambo moja nami nakuomba. Asubuhi ile baada ya sala ya mwisho, watu walipokuwa wakifunga mizigo, chupa ya dirishani ilitoweka pamoja na kitambaa chake. Kama unajua iliko, nirudishie. Usiimwage.

Brígida


San Lázaro, 14 Machi 1978

Bi Eduviges mpendwa,

Umeniuliza nilichokiona, basi mimi nasema nilichokiona tu, unajua sipendi maneno ya watu. Ukuta wangu na wa kina Brígida ni mmoja na una tundu ambalo sikulitoboa mimi.

Zaidi ya mwaka mzima, kabla ya jua, Don Refugio alikuwa anatoka uani kwa nyatunyatu kama mwizi wa kuku, anachukua ile chupa, anatazama kulia, anatazama kushoto, anaingia nayo. Jioni anairudisha. Mwanamume yule, na mabega yale! Siku moja nikamwita juu ya ukuta, "Don Refugio, unaficha nini kwenye kofia, yai?" Akawa mwekundu kama pilipili. Akasema, "Naficha aibu yangu, Chayo, nenda ukasali." Ndivyo alivyosema, nife leo. Aibu yangu.

Halafu ukichungulia, samahani, ukitazama, unamwona yule mkewe ameketi kitini jikoni, kichwa nyuma, mikono mapajani, anangoja kama malkia wa kanivali. Mume ndiye anayebeba! Wenzake kilabuni walishaanza kumwita Aproni. "Aproni, jua linazama, mama anakuita!" Na yeye anainuka kweli, anakwenda. Zamani angemvunja mtu jino.

Mimi sisemi ni uchawi. Nasema tu mama yangu alikuwa na jirani aliyelishwa toloache na yeye pia alianza kwa kubeba vyombo.

Kuhusu machozi, tulikuwa wanawake kumi na mmoja na tulilinganisha. Hakuna aliyeona hata moja.

Akuombeaye,
Rosario, yaani Chayo


Hermosillo, 22 Machi 1978

Brígida,

Chupa ninayo mimi. Niliichukua kwa mkono wangu na sioni haya. Iko kwa mkemia, mtu ninayemwamini, naye anaipima.

Sasa tazama ulivyojifunga mwenyewe. Barua yangu ilikutuhumu kumuua mumeo, na katika jibu lako jambo ulilolililia ni chupa. Si jina lako, si kaburi lake. Chupa! Ikiwa ni kamomili tu, kamomili imejaa mitaroni. Chuma nyingine, chemsha, lala nayo. Hakuna mtu anayeomba arudishiwe maji machafu, isipokuwa anajua kilichomo.

Na usiniletee mama yangu. Mama aliosha macho kwa maji ya umande mpaka siku aliyokuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango. Ndiyo maana niliandika makala ile iliyowaudhi, niliposema kwamba umande hauna shahada ya udaktari, na kwamba mwanamume anayeamini maji ya dirishani anastahili kuvaa sketi. Sijafuta hata nukta. Ua likiwa zuri si dawa kwa sababu ni zuri. Bibi zetu walijua mengi, na mengi waliyodhani wanajua yaliwapofusha.

Ninaye shahidi aliyemwona Refugio akiibeba chupa hiyo kwa kificho, alfajiri na jioni, na akamsikia akiiita aibu yake. Aibu gani? Mtu anayeosha macho ni wewe, basi kwa nini aibu iwe yake? Ulimfanya mtumwa wa nini?

Nijibu hilo, usinijibu mashairi.

E. Noriega


San Lázaro, 28 Machi 1978

Eduviges,

Chayo na tundu lake.

Makala yako tuliisoma hapa. Refugio aliisoma kwa sauti mezani, akacheka mpaka ile sehemu ya sketi, kisha akaikunja akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Bado ipo pale.

Swali lako nalielewa. Siwezi kulijibu. Nilikula kiapo, na aliyeniapisha hawezi tena kunifungua.

Mkemia akimaliza, mwambie asioshe chupa. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Brígida


Hermosillo, 5 Aprili 1978

Brígida,

Mkemia amejibu. Kamomili, petali za waridi, chumvi kidogo, na kuvu, kwa kuwa maji yalikaa siku nyingi mno. Toloache hakuna. Ninakuambia kwa sababu mimi si mwongo, hata kwa adui.

Lakini usishangilie. Mkemia amepima chupa, hakupima tumbo la ndugu yangu. Anayetaka kuficha sumu huiweka kahawani na kuiacha kamomili dirishani watu waione. Na sasa umeniongezea kiapo! Kwanza macho makavu, kisha chupa ya thamani kuliko dhahabu, sasa siri uliyoapishwa na mtu asiyeweza kukufungua. Asiyeweza kwa kuwa amekufa, bila shaka. Yaani unamsingizia marehemu kwamba ndiye aliyekutaka unyamaze. Ni kichaka kizuri cha kujificha, kwa sababu mwenyewe hawezi kutoka kujitetea.

Nimewasilisha ombi na limekubaliwa. Tarehe 18 watakuja na daktari wa serikali na watu wa majembe. Umefundisha kijiji kizima kwamba una siri. Sasa ardhi itaulizwa.

Ukiwa na la kusema, sema kabla ya hapo.

E. N.


San Lázaro, 9 Aprili 1978

Eduviges,

Padri ameniambia kiapo kilichotolewa ili mtu asichekwe hakina nguvu mbele ya majembe. Sijui kama ni kweli au amenihurumia. Lakini Refugio hatatolewa ardhini kwa ajili ya aibu yake. Yeye aliogopa kuchekwa. Hakuwahi kuwaza kufukuliwa.

Sikuosha macho yangu mimi. Ni yeye aliyeniosha.

Lilianza wakati kope zangu zilipoganda nikajikwaruza kwa ukucha nikatoka damu. Alinikuta nimekaa sakafuni. Alikwenda mtaroni akarudi na kofia imejaa maua. Tangu siku hiyo chupa ikawa kazi yake. Anaichemsha, anaiweka nje jua likizama, anaiingiza kabla jua halijachomoza, anaipasha kidogo, ananishika kichwa kwa mkono mmoja na kwa ule mwingine anachovya kitambaa. Ndiyo maana aliondoka kilabuni mapema. Alisema umande wa kwanza ndio wenye nguvu. Nani alimwambia, sijui. Labda alitunga.

Alikuwa na mikono ya kuvunja mawe, wifi, na jichoni ilikuwa myepesi kama kuku anapokunywa maji. Alikuwa ananitania, "Fungua jicho, malkia, nyumbu wangu ni mtiifu kuliko wewe." Nami nasema, "Nyumbu wako hana mume mbaya." Hayo ndiyo tuliyokuwa tunafanya jikoni wakati Chayo anachungulia.

Aliniapisha kwa sababu ya kilabu. Na kwa sababu yako. Baada ya makala ile alisema, "Dada yangu asijue kamwe. Ataniandika gazetini nikiwa na sketi." Alicheka lakini niliona hakikuwa kicheko.

Sasa chupa. Jioni ile aliichemsha, akaijaza, akaifunika kwa leso, akaifunga, akaiweka dirishani. Akaketi kizingitini kuvua buti. Alivua moja. Hapo ndipo nilipomkuta.

Ile chupa ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Ilikaa dirishani siku zote za sala kwa sababu sikuweza kuifungua na sikuweza kuitupa. Ningeifungua, ningeoshwa na nani? Ndipo wewe ukaichukua.

Unataka ushahidi, nawe hutaniamini kwa maneno. Basi usiamini maneno. Leso ile ilikuwa imefungwa kwa fundo. Mimi fundo lile sijawahi kuliweza. Alinionyesha mara nyingi nami ninaishia kukata kwa kisu. Aliniambia ni la baba yenu, alilofungia viriba vya maji alipokuwa akisafirisha mizigo milimani, na kwamba hakulifundisha mtu mwingine ila watoto wake wawili.

Uliichukua chupa kwa haraka, na watu wapo. Ulipofika kwako uliifungua. Uliikata leso, Eduviges? Au mikono yako ililifungua yenyewe?

Brígida


Hermosillo, 12 Aprili 1978

Brígida,

Leso haijakatwa. Nimeitoa kwenye droo. Ina mikunjo minne pembeni, pale pale inapopaswa kuwa nayo. Nimeikaza upya juu ya bilauri, nikalifunga fundo, nikalifungua, nikalifunga. Sikukumbuka kulifungua mara ya kwanza. Nilikuwa na hasira na mikono ilifanya kazi yake.

Ombi nimeliondoa leo asubuhi. Karani alinitazama kama kichaa, mwache atazame. Akija mtu na jembe, mwonyeshe barua hii.

Chupa nakuletea mwenyewe. Sikuiosha. Usiyaweke maji hayo machoni, nakusihi, yameoza, na hilo nitalisema hata ukinifukuza mlangoni.

Ile makala iliyo chini ya mguu wa meza, iache hapo hapo. Ni mara yake ya kwanza kufaa kitu.

Eduviges


Hermosillo, 20 Januari 1979

Kwa Doña Rosario na wanawake wenzake kumi wa rozari ya San Lázaro,

"Wifi naye amelishwa." Nimeambiwa ndilo neno lenu la mwaka huu. Eti nilikwenda San Lázaro simba nikarudi kondoo, eti Brígida alinipokea kwa kahawa, eti sasa namletea matone ya macho kutoka mjini na kumshika mkono barabarani, na mnajua maana yake ni nini. Ninawajua. Mwaka jana nilifikiri kama ninyi na niliandika vizuri kuliko ninyi, ndiyo maana nilikaribia kufanya ubaya mkubwa kuliko wenu. Kwa Brígida nimeshasema niliyopaswa kusema, jikoni kwake, na hayo si ya kwenu.

Ya kwenu ni haya. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alimwekea kijikaratasi kwenye ukingo wa kope, tukangoja. Kijikaratasi kilitoka kikavu kama kilivyoingia. Akamwuliza juu ya mdomo: mkate unapita? Haupiti bila maji. Viungo vinauma? Vinauma. Ni ugonjwa, mabibi. Mwili unajigeukia wenyewe na kukausha chemchemi zake, ya macho na ya mate. Mtu huyu angeweza kuona San Lázaro nzima ikiungua na asitoe chozi, na angeungua pamoja nayo. Vile vitunguu nilivyomhukumia mimi ndivyo vilivyokuwa shahidi wake, nami nilikuwa nimeketi mbele yake nisione.

Na ili msije mkasema nimegeuka mpenda mizizi, nitasema na hili. Kamomili haikumponya. Daktari ameyakataza maji yaliyolala nje, kwa kuwa umande huja na vumbi na vijidudu, na jicho lisilo na machozi halina cha kuvifukuzia. Bado nasimama pale niliposimama. Lakini alipoeleza matibabu, alisema matone, asiketi kwenye upepo, na kitambaa safi kilichochovywa maji yaliyochemka, kikiwa vuguvugu, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa, kila asubuhi, taratibu, na mtu mwenye mkono mwepesi. Brígida alicheka pale pale kliniki. Mimi nilitoka nje. Ndugu yangu alikosea kuhusu umande, na kuhusu maua. Kitambaa na mkono alivipatia, kabla ya daktari, na alivificha kwa kuogopa wanaume walevi na dada mwenye kalamu.

Maji ya chupa ile Brígida aliyamwaga kaburini. Chupa imerudi dirishani, tupu, na leso juu yake. Fundo nimelifunga mimi.

Mwezi ujao ni sala ya kutimiza mwaka. Mnakuja wote, najua, kwa kuwa kutakuwa na tamale za kula. Doña Rosario, ziba tundu lako. Mchanga na chokaa nitaleta mimi. Kisha mje asubuhi, si jioni, kabla ya upepo. Kila mmoja wenu aje na kitambaa chake cheupe alichokichemsha. Brígida ameshakubali, ingawa nilimbishia sana mpaka akubali. Atakaa kwenye kiti kile kile, kichwa nyuma. Nanyi kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, mtamshika kichwa kama alivyoshikwa na mumewe, na mtamkanda macho mpaka kitambaa kipoe.

Mkimaliza, aliyebaki na hamu ya kuhesabu machozi asimame aniambie mimi usoni.

Eduviges Noriega